Kabla ya Kununua Programu ya Muziki, Soma Haya

JE, mwanao amekuomba pesa za kununua programu ya kurekodi muziki kwa kompyuta ya nyumbani? Usimkaripie, wala usiharakishe kufungua mkoba. Keti naye kwanza, umwulize swali moja tu: anataka kufanya nini hasa?

Wengi hukosea hapa. Kurekodi ni kunasa sauti: mtu anayeimba, gitaa, au wimbo wa nyanya mlipomtembelea mashambani wakati wa Krismasi. Lupu ni jambo jingine. Hiyo ni sehemu fupi ya mdundo au ala inayorudiwarudiwa hadi iwe msingi wa wimbo. Programu inayofaa kazi moja huenda isifae nyingine.

Ikiwa haja ni kurekodi, anzeni na Audacity. Ilitolewa mwaka wa 2000, hailipiwi hata senti, na hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux.

Ikiwa ni kuunda midundo, jaribuni LMMS, ambayo pia ni ya bure. Mwenye kompyuta ya Apple anaweza kutumia GarageBand, iliyozinduliwa mwaka wa 2004, nayo huja na lupu zake.

Vijana wengi wataitaja FL Studio kutoka Ubelgiji. Ni nzuri, lakini fahamu jambo hili: toleo lake la majaribio hukuruhusu kuhifadhi kazi, ila huwezi kuifungua tena na kuendelea nayo mpaka ununue. Mtoto asiyejua hilo atakesha akiunda wimbo, na kesho yake aupate umefungwa. Reaper nayo hukupa siku 60 za kuijaribu, kisha leseni ya matumizi ya nyumbani ni dola 60.

Hakikisha pia kwamba programu ya lupu inaweza kulinganisha kasi. Fanya hesabu hii. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika hutumia sekunde 2 kwa kila mapigo manne. Lupu ikikatwa vibaya ikawa sekunde 2.1, ikirudiwa mara 10 itakuwa imechelewa sekunde nzima. Ngoma itakwenda huku, mwimbaji kule!

Kisha pima kuchelewa kwa sauti. Vaa vipokea sauti vya masikioni, imba kwenye maikrofoni, usikilize. Sauti yako ikikujia ikiwa imechelewa, utashindwa kufuata mdundo. Kwenye Windows, kiendeshi cha ASIO mara nyingi hupunguza tatizo hilo.

Usisahau nafasi ya kuhifadhi. Dakika moja ya sauti ya stereo kwa ubora wa CD huchukua takriban megabaiti 10. Wimbo wa dakika 4 wenye sauti 8 zilizorekodiwa hivyo mbalimbali utakula megabaiti 320 hivi.

Je, ununue nakala ya wizi kwa bei ya kutupa? Rahisi huvunja upishi. Nakala kama hizo huweza kubeba virusi, na kompyuta hiyo hiyo ndiyo yenye kazi za shule na stakabadhi za familia. Lupu nazo zina wenyewe. Soma masharti yake kabla mwanao hajauza wimbo, kwani Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 hulinda pia sauti zilizorekodiwa.

Kwa hivyo, mzazi, anza na programu ya bure. Mpe mwanao miezi mitatu. Akimaliza nyimbo mbili au tatu, utajua kama pesa zako zitafanya kazi au zitapotea bure.

Nawe mwanafunzi, hifadhi kazi yako kila baada ya dakika chache, kwa maana stima haibishi hodi ikipotea. Weka nakala ya pili nje ya kompyuta. Mdundo ukipotea utaunda mwingine, lakini nyanya hataimba tena vile alivyoimba siku ile.