Kujua athari za taka si kutunza mazingira

Muulize mwanafunzi wa kidato cha tatu athari za plastiki. Atakutajia tano bila kusita. Sasa mtazame wakati wa mapumziko. Karatasi ya peremende iko wapi? Chini!

Pengo hili baina ya maarifa na tabia halizibwi kwa mhadhara mwingine. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Agosti 2017, wananchi hawakuhubiriwa tu; mfuko wenyewe uliondolewa dukani, wakazoea kubeba yao.

Shule nazo zirahisishe tabia njema: pipa la taka liwe karibu na kantini, kila darasa liwe na miche yake ya kumwagilia, na mwalimu aokote taka mbele ya wanafunzi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.