Kunguni wa Karanga: Mdudu Akaaye Chini

Mara nyingi mkulima huvuna karanga, akazirundika shambani zikauke, na azibanguapo huona punje zimenywea, na mafuta yake yana ladha mbaya. Husema, "Ni mvua," au, "Ni mbegu." Pengine ni kweli, lakini pengine mwizi alikuwa chini ya lundo, wala hakuna aliyemtazama.

Sisi wa Ifakara tumezoea kutazama juu, kwa maana kunguni wa mpunga hukaa katika masuke, akifyonza punje zingali na maziwa. Huyu tumtajaye leo ana desturi nyingine. Hukaa ardhini, chini ya majani makavu, akafyonza karanga na ufuta uliokwisha kuvunwa. Hupatikana katika nchi nyingi za Afrika, na India pia.

Tutamtambuaje? Kwanza, tutazame mdomo. Mende hutafuna, kunguni ana mdomo mfano wa sindano, aukunjao chini ya kichwa. Pili, tuhesabu pingili za vipapasio. Kunguni wanukao, wenye umbo la ngao, wengi wao wanazo tano. Huyu anazo nne. Tatu, tutwae kioo cha kukuzia, tutafute macho madogo mawili juu ya kichwa, mbali na yale makubwa. Kunguni mwekundu wa pamba hanayo, huyu anayo. Nne, tutazame miguu ya mbele: mapaja yake ni manene na yana miiba. Mdudu mzima ni mwembamba, rangi yake kahawia iliyoiva, na urefu wake kama milimita 10. Watoto wake wachanga wana tumbo jekundu.

Wataalamu nao walikawia kumpangia mahali pake. Vitabu vya zamani vya kilimo vilimwita Aphanus. Siku hizi huwekwa katika jenasi Elasmolomus, iliyopewa jina na Carl Stål wa Sweden mwaka 1872. Jamaa yake ilihesabiwa ndani ya Lygaeidae, mpaka Thomas Henry wa Marekani alipoigawa mwaka 1997. Na tangu hapo kunguni huyu yumo katika Rhyparochromidae.

Je, majina haya yatufaa nini sisi wenye majembe? Yatufaa sana. Katika jamaa ile ya zamani alikuwamo na Geocoris, mdudu mdogo mwenye macho makubwa yaliyotokeza kando ya kichwa. Naye hupita ardhini, lakini hula wadudu wadogo waharibifu na mayai yao. Mtu asiyewapambanua atamwua rafiki pamoja na adui.

Basi, kabla ya kurundika karanga, tukumbuke kwamba jike hutaga mayai udongoni na katikati ya karanga zenyewe. Tusiziache shambani siku nyingi. Tuzichume mapema, tuzianike juu ya uchanja au mkeka safi mbali na shamba, na takataka tuziondoe. Na kila tuinuapo lundo, tuiname tutazame chini yake. Amjuaye mwizi kwa sura hamsingizii mvua.