Kinywa cha Makobo

Mvua ikinyesha mtaa wa Golf, Lubumbashi, maji yanateremka kwenye mifereji ya barabara, na mengi yanaishia mto Lubumbashi. Mto Lubumbashi unaingia Kafubu, Kafubu unaingia Luapula, na Luapula unamimina maji yake katika ziwa Mweru. Pale Pweto maji yanatoka ziwani kwa jina jingine, Luvua, yanakwenda kukutana na Lualaba huko Ankoro, na kutoka hapo ni safari ndefu ya mto Kongo hadi Banana, penye bahari ya chumvi. Kwa hiyo, wadogo zangu, mtoto anayeruka dimbwi mbele ya nyumba yake Golf anaruka maji yaliyo njiani kwenda Atlantiki.

Katika milango ya mito duniani, mahali mto unapoachana na nchi kavu, watu wana mchezo mmoja ninaoupenda kuliko aina nyingine zote za uvuvi: kuvua kwa chambo cha bandia kinachoelea juu ya maji. Australia wanafanya hivyo wakati wa joto, kamba wadogo wanaporukaruka kwenye maji mafupi na samaki wa rangi ya fedha wanawafuata kutoka chini. Sisi wa Haut-Katanga tuko mbali na kamba wa baharini. Lakini mlango wa mto tunao. Luapula unapokaribia Mweru, unaacha kukimbia. Unatawanyika katika matete na mafunjo, unaacha vidimbwi vyenye yungiyungi, unapinda, unajificha, halafu unaingia ziwani polepole. Ziwa liko mita 917 juu ya usawa wa bahari, karibu mita 300 chini ya mji wetu, na upande wa pili wake ni Zambia. Humo ndimo anamoishi samaki ninayetaka kuwasimulia.

Sokoni Lubumbashi mmeshawaona ndugu watatu wa ukoo mmoja. Wa kwanza ni pale, mnene, yule tunayemla na bukari siku ya sherehe. Wa pili ni mpende, mwenye kifua chekundu. Wa tatu ni makobo, mrefu kidogo, kichwa kikubwa, kinywa kipana. Ukiwalaza pamoja kwenye beseni la muuzaji, mtu asiyewajua atasema ni samaki wale wale. Tazama vinywa vyao. Pale ana kinywa kidogo, kwa sababu chakula chake ni mimea midogo isiyoonekana kwa macho na utelezi wa chini ya maji. Mpende anakata majani ya mimea ya majini. Makobo anakula samaki wenzake na wadudu, na kinywa chake kimeumbwa kwa kazi hiyo.

Siku mama akinunua makobo mbichi, mwombeni awaachie kichwa kabla hakijaingia chunguni. Shika mdomo wa juu kwa vidole viwili, vuta taratibu. Utaona ajabu: taya linatoka nje, ngozi inakunjuka, na kinywa kilichokuwa kimefungwa kinakuwa bomba. Fanya hivyo kwa haraka na utaelewa jinsi anavyowinda. Makobo hang'ati mawindo yake kwanza. Anafungua bomba hilo ghafla, maji yanaingia kwa nguvu, na kisamaki kilicho mbele kinaingia pamoja na maji, kama wewe unavyovuta juisi kwa mrija. Kisha tazama ndani zaidi, kooni. Pana taya jingine, lenye meno yake. La mbele linakamata, la nyuma linashughulikia kilichokamatwa. Ukoo wote huu una taya hilo la pili, pale na mpende pia, na wataalamu wanaona kuwa ni moja ya sababu zilizowawezesha kuishi kwa vyakula vya namna nyingi katika maziwa ya Afrika.

Sasa tuingie majini, tutazame juu kwa macho ya makobo.

Watu wengi wanadhani samaki akitazama juu anaona anga lote. Haoni hivyo. Mwanga ukiingia majini unapinda, na kwa sababu hiyo samaki anaona dunia ya nje ndani ya duara moja tu juu ya kichwa chake. Akiwa chini zaidi duara ni pana, akipanda linapungua. Nje ya duara hilo, uso wa maji unakuwa kioo: unamwonyesha mimea ya chini na matope, si mawingu. Kitu kikielea kwenye sehemu ya kioo, samaki anaona upande uliozama na vishimo vidogo ambavyo uzito wake unavichonga kwenye uso wa maji. Hajui bado ni nini. Lakini ubavuni ana mstari wa vitundu vidogo vinavyohisi mtikisiko wa maji, na huo unamwambia kwamba kitu kinahangaika pale juu.

Ndiyo maana chambo cha kuelea hakihitaji kufanana na samaki kwa rangi na magamba. Kinahitaji kuhangaika vizuri.

Mnaweza kukichonga wenyewe. Chukua mti mwepesi unaoelea, ukate kipande cha urefu wa kidole chako cha shahada. Mbele pachimbe kidogo, pawe na kishimo kama sarafu ndogo, ili ukivuta kisukume maji na kutoa sauti: pop. Tia ndoano nyuma, na simika kitu kizito kidogo mkiani, ili kikae mkia chini na uso juu. Mshipi uwe wa nailoni ya kawaida, mwembamba, kwa sababu kuna mishipi ya siku hizi inayozama na kuvuta pua ya chambo chini, ukapoteza kazi yote. Kuna aina ya pili isiyo na kishimo, ndefu kama sigara, ambayo ukiitikisa kwa vipigo vifupi vya ncha ya fimbo inakwenda kushoto, kulia, kushoto, kulia. Hiyo ni ngumu zaidi kujifunza, na mkono wake unakuja kwa mazoezi.

Asubuhi kabla ya jua kali, au jioni upepo ukitulia, ndiyo saa yake. Makobo anakaa pembeni ya mimea, kwenye kivuli, uso umeelekea maji ya wazi. Usitupe chambo katikati ya dimbwi palipo peupe. Kitupe kando ya matete, karibu kiasi kwamba unaogopa kitanasa. Kikianguka, mawimbi ya duara yanaenda. Hapo usifanye chochote.

Nasema tena, usifanye chochote. Ngoja mawimbi yaishe, maji yarudi laini. Mtoto anayeanza hawezi kungoja. Mkono unamwasha, anavuta, anavuta, na chambo kinakimbia hadi miguuni mwake. Makobo alikuwa ameshageuka kukitazama. Kitu kilichoanguka juu ya maji, mdudu au kisamaki kilichoumia, hakikimbii hivyo. Kinatulia, kinashtuka, kinatulia tena. Kwa hiyo vuta mara moja, pop, na ungoje. Mara mbili, na ungoje muda mrefu zaidi. Mara nyingi pigo linakuja wakati chambo kimesimama kabisa, na moyo wako umeshaanza kufikiria mambo mengine.

Mwezi wa Novemba, mvua za kwanza zikinyesha, kazi inakuwa rahisi. Kumbikumbi wanatoka ardhini kwa maelfu, wale inswa tunaowakusanya chini ya taa, na wengi wanaangukia majini na mabawa yao. Samaki wote wanapanda juu. Hata mpende, mla majani, hamdharau mdudu. Ila mwezi wa sita na wa saba, baridi yetu ikiuma, maji yanapoa na samaki anakuwa mzito. Wakati huo chambo cha juu kinafanya kazi kidogo sana, na ningewashauri mkae nyumbani mchonge vipya.

Pigo lenyewe lina kelele. Maji yanapasuka, na kila aliye karibu anaruka. Hapo ndipo wengi wanakosa samaki, kwa sababu wanavuta fimbo wakati wanaposikia sauti. Kumbukeni lile bomba. Samaki amefungua kinywa, maji yanaingia, chambo kinaingia na maji. Wewe ukivuta wakati huo unakitoa mbele ya mdomo wake. Ngoja mpaka usikie uzito kwenye mshipi. Sikio linasema sasa, mkono unasema bado. Sikilizeni mkono. Na kama amekosa, msikivute chambo haraka. Kiacheni pale pale, mkitikise kidogo tu, kwa maana makobo aliyekosa mara nyingi anarudi.

Kuna uvuvi mwingine unaotumia kelele kwenye Luapula na Mweru, nao unaitwa kutumpula. Wavuvi wanazungushia nyavu kwenye mimea, kisha wanapiga maji kwa magongo ili samaki watoke mafichoni kwa hofu na kuingia wavuni. Zambia imeupiga marufuku, na mimi naona ilifanya vyema. Unatoa kila kitu, wakubwa na wadogo, na unaharibu mahali samaki wanapozalia. Mvuvi wa mtumbwi mwenye watoto sita simlaumu kwa kutafuta chakula. Lakini kinywa cha makobo kina kazi ya pili, na lazima niwaeleze ili muelewe kwa nini magongo yale yanaumiza sana.

Makobo jike akitaga mayai, anayaokota kwa kinywa. Anayahifadhi humo. Mayai yanaanguliwa humo, na vifaranga wanaendelea kukaa kinywani mwa mama yao mpaka waweze kuogelea wenyewe, na muda wote huo mama anakula kidogo sana au hali kabisa. Hata wakishatoka, wakiona hatari wanarudi, anafungua kinywa, wanaingia wote. Pale naye analea hivyo hivyo. Mpende ni tofauti: yeye anataga mayai chini, na wazazi wanayalinda. Mama mwenye watoto kinywani akishtushwa au akinaswa, anaweza kuwatema. Vifaranga waliotemwa katikati ya magongo na nyavu hawana pa kurudi.

Wazee wetu waliona jinsi kunasa mama wakati wa kuzaa kulivyommaliza samaki mwingine. Tangu miaka ya mwanzo ya Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mji ulioanzishwa 1910, migodi ya Union Minière ilihitaji chakula cha wafanyakazi, na samaki wa Luapula waliletwa kutoka Kasenga, ambako wafanyabiashara Wagiriki walikuwa na mashua na barafu. Samaki mkubwa wa biashara hiyo alikuwa mpumbu. Kila mwaka mvua zikija, mpumbu walipanda mto kwa makundi kwenda kutaga, na nyavu ziliwangoja njiani wakiwa wamejaa mayai. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950 makundi yale yalikuwa yamekwisha. Waulizeni wauzaji wa leo kuhusu mpumbu, wengi watawaonyesha tomsoni wa barafu kutoka baharini.

  

Mambo machache ya usalama, nayo si ya kujadili. Luapula na Mweru vina mamba. Mtoto havui peke yake, na hasimami ndani ya maji. Maji yale yaliyotulia kwenye mimea yana kichocho pia. Na kwenye mto Lubumbashi wenyewe, chini ya viwanda vya madini, msivue samaki wa kula. Watafiti wamekuta kobalti na shaba nyingi katika samaki wa maji yaliyo karibu na migodi ya Katanga, na madini hayo hayaondoki kwa kuchemsha.

Zambia inafunga uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na upande wetu pia serikali hutangaza kufungwa kwa uvuvi katika majira hayo ya mvua, wakati samaki wanazaa. Msidhani fimbo ya mtoto haihesabiwi. Mkipata tangazo hilo, fungeni mishipi. Na mkivua kabla ya hapo mkamshika jike ambaye koo lake limevimba, msimtoe majini. Lowesheni mikono, mtoeni ndoano akiwa bado ndani ya maji, mwacheni aende na watoto wake.