Mafuta Kabla ya Kutu

Msomaji wa pwani hahitaji kufundishwa kwamba chombo hulelewa. Nilipokuwa mdogo Mombasa niliwaona wazee wakiliegesha jahazi ufukoni. Maji yakipwa, hulikwangua, wakatia kalafati penye nyufa, wakapaka sifa juu, na chini deheni ya shahamu na chokaa. Jahazi lenyewe halikuwa limevuja. “Likishavuja,” marehemu baba akiniambia, “hiyo si kazi tena, ni msiba.”

Maneno hayo yalinirudia Kisumu, baada ya sala ya Alasiri, nilipokwenda bandarini kuitazama meli Uhuru. Meli hii ya chuma iliundwa Uskochi ikaanza kazi ziwani katika miaka ya 1960. Sitahani ina reli, mabehewa yavuke mpaka Uganda na Tanzania bila kupakuliwa. Lakini ilikaa imefungwa gatini zaidi ya miaka kumi, hata ilipofanyiwa matengenezo makubwa ikarudi kazini mwaka 2019.

Nilimwuliza fundi mmoja: maji ya ziwa hayana chumvi, basi kutu yatoka wapi? Akacheka. “Mzee, kutu haidai chumvi. Yadai maji, hewa na mtu asiyejali.”

Tena meli ya ziwani haina njia ya kutokea baharini ikatengenezwe kwingine. Ndiyo sababu Kisumu, iliyofikiwa na reli mwaka 1901, ilipata gudi na karakana yake. Matengenezo yalifikiriwa pamoja na safari.

Tuazime mfano Ziwa Tanganyika. Mwaka 1916, Wajerumani waliposhindwa vitani, waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Goetzen. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo grisi kwa wingi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikasafiri tena kwa jina la Liemba. Ilikaa chini ya maji karibu miaka minane, na grisi ikaihifadhi mitambo yake.

Fedha ya mafuta na rangi huonekana hasara, kwa kuwa faida yake ni balaa ambayo haikutokea, na isiyotokea haihesabiwi. Lakini chombo ni amana, na waliomo ndani yake ni amana kubwa zaidi. Basi ndugu yangu mwenye mashua, usingoje ivuje. Ikague leo, ingali kavu.