Duka Lako la Mtandaoni Limezima Baada ya Kuweka Plagini ya Malipo? Soma Hapa

Tuseme unauza viatu Busia, na wateja wako wengine wako Malaba na Bungoma. Duka lako la mtandaoni linatumia WordPress na WooCommerce. Fundi anakuwekea plagini ya malipo ya simu, anaiwasha, inakubali. Ukurasa unaofuata, duka lote limezima! Usiku huo hakuna anayenunua.

Mara nyingi shida si mtandao wala laini yako. Ni zamu tu.

Lori la kwenda Uganda likifika Malaba kabla karatasi za forodha kuwa tayari, linakaa, hata kama mzigo ni halali. Plagini nazo ni hivyo hivyo. WordPress huzipakia kwa alfabeti ya majina ya folda zake. Folda iitwayo "lipa" inatangulia ya "woocommerce". Plagini yako ikiutafuta msingi wa malipo wa WooCommerce, uitwao WC_Payment_Gateway, bado haupo, na tovuti inaanguka. Na mbona ilikubali kuwashwa? Kwa sababu wakati huo WooCommerce ilikuwa imeshapakiwa.

Dawa yake ni kulabu: mahali msimbo unapotundikwa ungoje zamu yake. Mwambie fundi wako afanye hivi:

1. Atundike msimbo wa kuanzisha plagini kwenye kulabu ya plugins_loaded. Hiyo huita baada ya plagini zote kupakiwa.
2. Ndani yake, aangalie kwanza kama WC_Payment_Gateway ipo. Kama WooCommerce imezimwa, plagini itulie tu, isiangushe duka.
3. Kisha aongeze njia yako ya malipo kwenye orodha kupitia woocommerce_payment_gateways. Bila hatua hii duka litafunguka, lakini mteja hataona pa kulipia.

Duka limeshaanguka? Usiogope. Tangu toleo 5.2 la mwaka 2019, WordPress hujaribu kumtumia msimamizi barua pepe yenye kiungo cha kuingilia. Ingia, zima plagini, duka lirudi. Kwa hivyo hakikisha barua pepe iliyoandikwa pale ni yako, si ya fundi aliyeondoka zamani.

Halafu jaribu kununua mwenyewe, hata kitu cha bei ndogo, kabla ya kuwatumia wateja kiungo. Na kumbuka: PIN huandikwa kwenye simu yako tu. Tovuti ikikuuliza PIN, toka.