Atomu Zinapogoma Kuhama

Mwaka 2002 mjini Munich, Ujerumani, Markus Greiner, Immanuel Bloch na wenzao walipoza wingu la atomu za rubidi hadi karibu kabisa na nyuzi -273 za selsiasi, kisha wakalipitishia miali ya leza iliyopishana. Nuru hiyo hujenga safu za vishimo visivyoonekana, na atomu hukaa humo kama kete katika mashimo ya bao. Watafiti hawakuongeza joto. Waliongeza nguvu ya leza tu, na atomu zilizokuwa zimetapakaa kote kama wimbi moja zikabanwa, kila moja na kishimo chake. Leza ilipopunguzwa, wimbi likarudi.

Atomu hizo ni bosoni, jina linalomkumbuka Satyendra Nath Bose, aliyefundisha Dhaka alipoandika makala yake mashuhuri ya mwaka 1924. Bosoni hupenda kushiriki hali moja. Kila atomu hupenya kwenda kishimo jirani, lakini mbili zikikutana ndani ya kishimo kimoja husukumana. Kupenya kukishinda, hupatikana giligili inayotiririka bila msuguano. Kusukumana kukishinda, atomu hugoma kuhama, na hali hiyo huitwa kihami cha Mott.

Mwaka 1989 Matthew Fisher na wenzake walikwisha kueleza kinadharia jinsi hali moja inavyogeuka nyingine.

Utamu wa fizikia hii uko kwenye tabaka moja bapa la vishimo. Hapo kila atomu ina majirani wanne tu, kwa hiyo misukosuko midogo ya kikwanta ina uzito mkubwa. Hesabu nyepesi, inayomchukulia kila jirani kuwa wa wastani, hutabiri kwamba giligili itadumu hadi nguvu ya kusukumana ifikie takriban mara 23 ya ile ya kupenya. Hesabu makini za kompyuta hutoa takriban 16.7. Tofauti hiyo si ndogo hata kidogo: inaonyesha kwamba wastani huficha mambo.

Miaka ya 2009 na 2010, maabara za Harvard na Garching ziliunda hadubini zenye uwezo wa kupiga picha ya atomu moja moja, ingawa vishimo vimeachana kwa chini ya elfu moja ya milimita. Nuru ya kupigia picha huzifukuza atomu zilizo mbili mbili, hivyo kishimo chenye mbili huonekana cheusi sawa na kitupu. Kihami chenye atomu moja kila kishimo hung'aa chote. Giligili huwa na madoa yasiyo na mpangilio. Penye atomu nyingi, pete angavu huzunguka kiini cheusi, kama nadharia ilivyotabiri.

Kwa bosoni zilizotulia, kompyuta bado inashindana na maabara. Zikivurugwa ghafla, hesabu huilemea hata kompyuta kubwa baada ya muda mfupi, na jibu la kutegemewa hutoka kwenye atomu zenyewe.