MAMA MBOGA WA KAYOLE ANA FUNZO KWA MKULIMA

Wakulima wengi wa skimu za makazi hupeleka kabichi, viazi na sukuma wiki Nairobi, lakini ni wachache wajuao ni nani anayeviuza mwishoni. Kwa sehemu kubwa ni wanawake. Tazameni mtaa wa Kayole, upande wa mashariki ya mji, karibu na barabara ya Kangundo. Toka Masimba hata Sabasaba utaona vibanda vya mboga kando ya njia, na mwenye kibanda kwa kawaida ni mama.

Kazi yake yaanza kabla ya jua kuchomoza. Huenda Marikiti, yaani Soko la Wakulima, akachagua mali, akapatana bei, akachangia nauli ya gari na wenzake. Kisha hurudi kuuza kidogo kidogo: nusu kabichi, nyanya chache, sukuma wiki iliyokwisha katwa. Ni yeye anayejua kabichi ngapi zimeoza na mteja gani hajalipa. Basi yeye ndiye mnunuzi, karani na meneja wa biashara yake.

FEDHA ZATOKA WAPI?

Wengi hawakuanzia benki. Benki hutaka dhamana, na dhamana ya kawaida ni hati ya shamba au nyumba, ambayo mara nyingi ina jina la mume peke yake. Kwa hiyo wanawake huungana katika chama. Tuseme wako 20, na kila mmoja hutoa shilingi 500 kila juma. Jumla ni shilingi 10,000, na mmoja wao huzichukua zote kwa zamu. Baada ya majuma 20 kila mmoja amekwisha pata. Hapana riba, faida yake ni kupata fedha nyingi kwa mara moja, za kununulia gunia badala ya debe.

Njia nyingine zimefunguliwa pia. Kenya Women Finance Trust ilianzishwa mwaka 1981 ili kukopesha wanawake. Mwaka 2007 Serikali ilianzisha Hazina ya Biashara za Wanawake, na mwaka huo huo M-Pesa ikaanza, hata mwanamke akaweza kuweka fedha zake katika simu yake mwenyewe.

Lakini chama hufundisha jambo kubwa kuliko fedha. Lazima awepo mwenyekiti, mwandishi na mtunza hazina. Lazima pawe na daftari. Na anayechelewa kulipa hutozwa faini bila kuangaliwa uso. Mwanamke awezaye kuwatoza faini majirani zake 19, nao wakamchagua tena mwaka unaofuata, hashindwi kukaa katika kamati ya ushirika wa maziwa.

NA KATIKA SKIMU JE?

Skimu ya Eka Milioni ilipoanza mwaka 1962, shamba kwa kawaida liliandikwa kwa jina la mume. Mwenye jina ndiye aliyekuwa mwanachama wa ushirika, ndiye aliyepiga kura, na malipo yakaenda kwake. Mama alikamua ng'ombe, lakini hakuwa na sauti mkutanoni. Katika nyumba nyingi mambo yangali hivyo.

Sheria, hata hivyo, imebadilika. Katiba ya mwaka 2010 yataka Serikali ichukue hatua ili jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Kamati ya ushirika yenye watu 9 ikiifuata kanuni hiyo, wanaume hawatazidi 6. Tena Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yasema kwamba mchango wa mwenzi si fedha tu. Kazi ya nyumbani, kulea watoto, kusimamia biashara ya jamaa na kazi ya shambani, zote zahesabiwa. Mume hawezi kuuza wala kuweka rehani mali ya ndoa ya mke mmoja pasipo idhini ya mkewe, wala mke pasipo idhini ya mumewe.

Lakini angalieni: mwezi wa Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba usawa katika ndoa hauna maana ya nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mtu hupata kwa kadiri ya mchango wake, nao mchango huonyeshwa kwa ushahidi. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi, ndugu wakulima, fanyeni mambo matatu. Kwanza, mume na mke wawe na daftari moja la shamba: maziwa yaliyouzwa, mbolea iliyonunuliwa, na nani aliyelipa. Pili, ulizeni katika ofisi ya ardhi jinsi ya kuandikisha shamba kwa majina mawili. Tatu, uchaguzi wa ushirika ukifika, mchagueni mama anayejulikana kwa hesabu safi. Shamba lenye watu wawili wanaojua hesabu yake halitasimama mmoja wao akiugua au akifariki.